Darasa Lisilotazama Usoni

Ilianza Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, mama yangu alipozima taa ya darasa.

Saa ninaijua kwa sababu nilikuwa nimeikodolea macho pale ukutani, nikiomba ifike saa nne na nusu, watoto waende kunywa uji na mimi nipate pa kujificha. Nilikuwa kwenye kona na mkasi na karatasi za rangi, nakata duara na pembetatu. Sisi wa shule za bweni tulikuwa tumesharudishwa makwetu. Kituo anachofundisha mama kilikuwa bado na wiki moja. Jumatano jioni, akichambua mchele, aliniambia bila kuniangalia, "Kesho twende wote, ukanikatie maumbo." Mama hajawahi kuniomba msaada wa kazi yake. Nikajua anaogopa. Nilipojua hivyo na mimi nikaogopa, maana sisi wawili ndivyo tulivyo, hofu haihitaji kupiga hodi ili itoke kwake ije kwangu.

Kituo chenyewe kiko mtaa wa Nyakabanda, hapa Rwanda, nyuma ya mafundi wa milango ya chuma. Tangu sijajua kutembea, mama alikuwa akifundisha watoto viziwi hapo. Muhula huu viziwi wote walihamishiwa shule kubwa ya bweni nje ya mji, na walimu walioshindwa kuwafuata waliambiwa wachukue darasa jipya: watoto wenye usonji, na wengine ambao akili zao zinakwenda kwa mwendo wake. Mama hakuweza kufuata. Nyumba yetu iko huku, na mimi nikifunga shule sina kwingine pa kwenda. Mkurugenzi alimpa muhula mmoja wa kujipima. Ijumaa asubuhi, kabla ya darasa, mama alitakiwa kusema kama anabaki na watoto hawa mwaka ujao au anaacha, atafutwe mwingine. Akiacha, hakuna darasa lingine la kumpa. Tungefungasha na kwenda kwa mjomba wangu, Tanzania, na shule yangu ningeiaga.

Inabidi nieleze kwa nini viziwi. Mama alikulia Tanzania, akaja Rwanda akiwa msichana mkubwa kidogo kuliko mimi, na Kinyarwanda chake kilichekwa. Sokoni kilichekwa, kanisani kilichekwa, hata chuo cha ualimu alikuwa akinyoosha kidole watu wanaanza kutabasamu kabla hajafungua mdomo. Basi akanyamaza. Siku aliyoona kwa mara ya kwanza watu wakizungumza kwa lugha ya alama, aliwahi kuniambia, alihisi kama amefunguliwa dirisha. "Mikono haina lafudhi, mwanangu." Na uso wake! Nyumbani uso wa mama umetulia kama maji ya ndoo, lakini mbele ya viziwi nyusi zinapanda, mashavu yanajaa, midomo inacheza, kila hisia inaonekana waziwazi. Nilikuwa nikimwona darasani nashangaa huyu ni nani.

Watoto wa darasa jipya hawautazami uso huo. Huo ndio uliokuwa msiba wake, ingawa hakuwahi kuuita hivyo.

Asubuhi ile chumba kilichafuka pole pole. Mmoja alianza kurusha vipande vya mbao. Mwingine akalia kwa sababu ya vile vipande. Wa tatu akaanza kuzunguka meza, wa nne akamfuata. Mama aliita, "Jamani, wanangu," kwa sauti yake ile ndogo, hakuna aliyesikia. Nikamwona anatembea kuelekea mlangoni na nikaelewa kabla hajafika. Darasa la viziwi huitwa kwa taa. Unazima, unawasha, unazima, unawasha, na vichwa vyote vinageuka kwako. Amefanya hivyo maisha yangu yote. Sidhani hata aliamua. Mkono ulikwenda wenyewe.

Chumba kile kina kidirisha kimoja tu, kwa hiyo giza lilikuja zima, likaondoka, likaja tena.

Kuna msichana mmoja wa kama miaka tisa, amevaa sweta la kijani, hasemi. Tangu asubuhi alikuwa akipanga vifungo vya nguo kwenye mstari, mbele ya miguu yangu, na mimi nilikuwa nimempenda kwa sababu hakutaka nimwambie chochote. Taa ilipozimika mara ya pili alipiga ukelele. Niliusikia kwenye meno. Mama akamkimbilia akafanya kosa la pili, lile lile la mwalimu wa viziwi: akamgusa bega, akainama, akamletea uso wake mzima, nyusi juu, mdomo wazi, karibu kabisa. Mtoto akamng'ata kifundo cha mkono. Kisha akachomoka.

Geti lilikuwa wazi. Mtu wa maziwa alikuwa anaingiza madumu.

Mwalimu wa darasa la jirani, rafiki wa mama, namwita Tantine, yaani shangazi. Alikulia Bujumbura, na sauti yake hufika mahali kabla yake. Yeye pia alikuwa wa viziwi, lakini darasa jipya alilizoea upesi. "Jana mmoja kanitemea uji uso mzima," alituambia siku moja, "nikamwambia asante baba, leo sipaki losheni." Alitokea mlangoni, akaona mkono wa mama, akaona geti, akasema tu, "Nendeni. Hawa wote niachie mimi."

Tukakimbia.

Sijui kama mtu asiyeona haya kusema na watu anaweza kuelewa nilichokipata pale njiani.  Nilisimama mbele ya mama mmoja wa chapati, nikafungua mdomo, kilichotoka ni pumzi. Na huku nikikaa kimya naziona gari zinazopita barabara ya chini, na honi, na pikipiki, na sweta la kijani halipo popote. Niliwaza, atakufa kwa sababu mimi naona aibu. Mama alinipita. Yule mama yangu ambaye hununua nyanya kwa kuonyesha kidole ili asisemeshwe, alikuwa anapaza sauti kwa Kinyarwanda chake chenye Kigoma ndani, "Mmemwona mtoto? Sweta kijani!" Vijana wawili kwenye kibanda cha simu walitazamana wakacheka ile lafudhi. Hakuwaangalia. Mmoja wao aliacha kucheka, akaonyesha chini, upande wa mtaa wa Biryogo.

Tulimkuta kwenye kichochoro cha mafundi cherehani. Kwanza tuliona migongo ya watu, wameinama wote kama wanaotafuta sarafu. Fundi mmoja mzee alikuwa amesimama kando ya mashine yake, mikono juu, anasema, "Mimi sikumugusa, aliingia mwenyewe, wallahi." Mtoto alikuwa chini ya meza ya cherehani, amejikunja, vidole vimeshika ule mkanda wa gurudumu.

"Mvuteni kabla hajakatika vidole!"

"Huyo ana pepo. Iteni imamu."

"Pepo wa wapi? Ana njaa. Yebaba we, mumupe hata mandazi!"

Mwanaume mmoja alikuwa amemshika mguu na anavuta. Mtoto alirusha kichwa nyuma, kikagonga chuma cha meza, tukasikia. Damu ikatoka juu ya jicho.

Nilimtazama mama. Uso wake ulikuwa umevunjika, nikajua sasa analia, na mama akilia mbele za watu wote hawa mimi nitakufa hapa hapa. Hakulia. Alifumba macho. Alivuta pumzi moja nikaona mabega yanashuka. Halafu akamwambia yule mwanaume, "Achia." Mwanaume hakusikia.

"Achia mguu wa mwanafunzi wangu!"

Watu wote waligeuka kumtazama. Hata mimi nilirudi nyuma. Mwanaume akaachia mguu, akajifuta mikono kwenye suruali kama mtu aliyekuwa ameshika kitu kisicho chake.

Kisha mama alifanya jambo ambalo lilinitisha kuliko yote. Aliketi chini, kwenye vumbi na mabaki ya vitambaa, hatua chache kutoka ile meza, akampa mtoto mgongo.

"Mwalimu gani huyu?" mwanamke mmoja alisema. "Mtoto anatoka damu, yeye anageukia barabara!"

"Dada, nendeni kazini," mama alisema, sasa kwa upole. "Hakuna sinema." Akamgeukia fundi. "Mzee wangu, samahani. Ile mashine ya pili inafanya kazi?"

"Ile ya mutoto wangu? Iko sawa."

"Kaa pale ushone. Chochote. Shona kama siku zote."

"Nishone nini sasa, na roho yangu inaruka hivi?"

"Hata pazia."

Mzee akaketi, akaanza kukanyaga. Cherehani ikalia, tirrr, ikanyamaza, tirrr. Watu walisubiri kidogo, wakaona hakuna kinachotokea, wakaanza kuondoka mmoja mmoja huku wakinung'unika. Mama akaniambia, "Kaa. Usimtazame."

Nikakaa. Kumpa mgongo mtu unayemhofia ni kazi ngumu sana. Nilisikia anapumua haraka. Nilisikia mkanda unasuguliwa. Mambo mengi nilijiwekea kichwani: vidole, damu, kwamba amezimia, kwamba ametoka upande wa pili na sisi tumekaa hapa kama wajinga tunatazama ukuta. Mkono wa mama ulikuwa kwenye paja, umevimba, alama za meno zimekaa duara. Vidole vyake vilikuwa vinafinyafinya nguo. Lakini mgongo wake haukutetemeka hata kidogo, na nadhani mtoto alichokuwa anakiona ni mgongo tu.

Tulikaa zaidi ya saa nzima, hadi miguu yangu ikafa ganzi. Halafu kipaza sauti cha msikiti, ambao ulikuwa karibu sana, kilikoroma, na nikaona mama amekaza shingo. Adhana ya adhuhuri. Nikasema moyoni, sasa tumekwisha, kama taa tu ilimfanya vile, hii itamuua. Sauti ikajaa kichochoro kizima. Nilishika kitambaa kilichokuwa chini nikakikaza ngumi.

Nyuma yetu pumzi zilianza kupungua. Adhana ilivyokuwa ikiendelea, ndivyo zilivyotulia. Ndipo nilipokumbuka kwamba mama aliwahi kusema mtoto huyu ni wa Biryogo. Amezaliwa na sauti hiyo. Sisi ndio tulikuwa hatujui.

Ilipokwisha, alitoka chini ya meza, akapita kati yangu na mama bila kutugusa, akaanza kutembea. Mama akamwacha atangulie kidogo, akamfuata, nami nikamfuata mama. Fundi alibaki anashona pazia lake. Mtoto hakukosea kona hata moja. Alikuwa anakwenda kwao tangu mwanzo.

Baba yake ana duka la vitambaa. Alimwona binti yake anaingia na damu usoni, na nyuma yake mwalimu mwenye vumbi nguo nzima, akaweka chini mita yake ya kupimia.

"Nani amemuumiza?"

Nilisubiri mama ataje yule mwanaume aliyevuta mguu. Ningemtaja mimi, ningekuwa na mdomo.

"Nilizima taa ya darasa nikawasha, nikazima tena," mama alisema. "Akaogopa akakimbia. Ni mimi. Unisamehe."

"Ulizima taa?"

"Ndiyo. Ndivyo tulivyokuwa tunaita viziwi."

 Baba hakupiga kelele, bora angepiga. "Mwalimu, mutoto yangu si redio. Huwezi kumuwasha na kumuzima." Akamvuta binti yake nyuma ya meza, si kwa mkono, kwa kuweka kipande cha kitambaa cha bluu mahali alipotaka aende. "Wewe iko mwalimu wa viziwi. Rudi kwa viziwi wako."

Mama aliinamisha kichwa. Tukapanda kilima kurudi. Kabla hatujafika kituoni baba wa mtoto alikuwa ameshapiga simu. Mkurugenzi, mama mmoja mwembamba ambaye hakai kitini akiongea na mtu, alimwita mama ofisini na akaacha mlango wazi, kwa hiyo nilisikia.

"Sikufukuzi. Muda ulikuwa hadi kesho, na bado ni kesho. Lakini ukija kuniambia unabaki, uniambie unabaki na nini. Moyo mzuri kila mtu anao."

Nyumbani nilipika ugali, hakuna aliyeula. Jua lilikuwa halijazama Tantine alipoingia na pamba na dawa ya kidonda, akaanza kumsafisha mama mkono huku akimsema kama mtoto.

"Meno mazuri haya! Mama yake anamnywesha maziwa huyu. Tulia, dada. Wallahi unatisha kwa ubishi, mtu kimya lakini mbishi."

Mama hakucheka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumba, nasikiliza na moyo unanidunda.

"Naacha," mama alisema.

"Unaacha nini?"

"Sisi wawili tulipata mafunzo yale yale, chumba kimoja, mwalimu mmoja. Wewe umeweza. Mimi nakosea kila siku na kosa nalileta nyumbani, nalala nalo. Wewe likikupata linateleza kama maji kwenye jani la mgomba."

"Kwa sababu mimi nikichekwa nacheka nao," Tantine alisema. "Wewe ukichekwa unahesabu meno ya anayekucheka."

"Basi hii ni kazi ya wanaocheka."

Nilishika pazia. Niliona wazi kabisa yatakayofuata: mizigo, mpaka, nyumba ya mjomba, na mimi katika darasa jipya nikichekwa kwa lafudhi yangu, safari hii upande wa pili. Na jingine ambalo sikuweza kumwambia mtu. Mimi ni mama yangu kabisa. Ikiwa kazi ya kukaa na watu wenye shida haina nafasi ya mtu wa namna yetu, basi mimi nitafaa kitu gani?

 Tantine alifunga bandeji, akakata kwa meno.

"Sijui, dada," alisema. "Umenisimulia ya leo. Mimi ningekuwa pale kichochoroni ningeimba, ningepiga makofi, ningewachekesha wale watu wote. Halafu ningeshika mguu wa pili, nikavuta na mimi." Akasimama. "Kula. Umekonda hata kung'atwa huna pa kung'atwa."

Alipoondoka nilitoka. Mama alikuwa bado amekaa pale pale. Nilijisikia nikiuliza swali, mimi.

"Mama, ulijuaje umpe mgongo? Walikufundisha?"

"Hapana. Hawakutufundisha hivyo."

"Sasa?"

Alifikiri. "Uliogopa, pale chini?"

"Sana."

"Na mimi. Nilikuwa nazisikiliza pumzi zake nasema, mtoto wa watu huyu, nimemuua. Na uso wangu najua ulikuwa unasema hivyo hivyo. Nikajiuliza, mimi mwenyewe nikiogopa nataka nini? Nataka watu wasinitazame." Alikunja mkono wenye bandeji. "Basi. Sikujua kingine."

Nilitaka kumwambia kwamba hicho alichokijua yeye, Tantine hakijui.  Badala yake nilimwekea ugali kwenye sahani upya, na kipande cha nyama juu, akala kidogo. Hakusema anabaki wala anaondoka.

Ijumaa niliamka nikakuta kitanda chake kimetandikwa. Niliogopa tena, nikatoka mbio na kanga tu, nikamkuta uani amekwisha kuvaa, anafunga kamba za viatu kwa mkono mmoja. "Vaa," aliniambia. "Tunachelewa." Kulikuwa hakujapambazuka vizuri, na tulipofika barabarani hakupinda kuelekea kituoni. Aliteremka Biryogo.

Duka la vitambaa lilikuwa bado limefungwa. Alizunguka nyuma, akapiga hodi. Baba alifungua akiwa na kikombe mkononi, akatuona, uso ukakunjika.

"Musamaha uliomba jana, mwalimu."

"Sikuja kuomba tena." Kinyarwanda kilimkwama, akahamia Kiswahili, na sauti ilikuwa ile ndogo, lakini haikurudi nyuma. "Saa mbili namwambia mkurugenzi kwamba nabaki. Ataniuliza nabaki na nini, na mimi sina kitu. Nataka nimwone binti yako anavyoamka. Mnavyomvisha, anachokubali kula, njia anayopenda kupita. Jana nimeona ukimwita kwa kitambaa, bila mkono. Hilo sikulijua. Nifundishe na mengine, halafu tutembee naye mpaka shule."

Baba alinitazama mimi, nikatazama chini. Akatazama bandeji.

"Amekung'ata?"

"Kidogo."

"Huyu hang'ati kidogo." Kitu kilipita kwenye mdomo wake, sijui kama kilikuwa kicheko. Ndani nilisikia kijiko kinagonga bakuli, mara moja, mara moja. Alishika mlango, nikadhani anaufunga.

"Sasa hivi anakunywa uji," alisema hatimaye, na akashusha sauti. "Muingie. Lakini viatu muache nje, na musimusalimie. Hata shikamoo, hata habari ya asubuhi. Mutu akimusalimia anapokunywa uji, siku yote inaharibika."

Mama, ambaye alinichapa mara moja tu maishani, na alinichapa kwa kuingia nyumba ya watu bila salamu, alivua viatu, akaviweka pamoja ukutani. Mimi nikavua vyangu. Tukaingia, tukampita mtoto na bakuli lake, tukakaa kwenye mkeka bila kusema neno.